Kijani cha bwawani ni mbolea iliyopotea njia

Mkazi wa Ufipa ana maziwa mawili chini yake, moja kila upande wa uwanda. Akiteremka magharibi hadi Kipili au Kasanga anakutana na Ziwa Tanganyika, lenye maji maangavu kiasi kwamba aliye ndani ya mtumbwi karibu na ufuko huyaona mawe ya chini. Akiteremka mashariki kuelekea Muze na Mtowisa anafika Ziwa Rukwa, ambako maji ni mazito, tope limechanganyika na kijani, na mkono ukizama hadi kiwiko vidole havionekani tena. Maziwa yote mawili hupokea mvua zinazonyesha kwenye uwanda huo huo kuanzia Novemba hadi Aprili.

Tofauti kubwa iko kwenye kina. Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na sehemu kubwa ya rutuba inayozama huko hubaki gizani, mbali na jua. Rukwa ni ziwa la mita chache tu, halina mto wa kutokea, na upepo ukivuma huitibua rutuba ya chini na kuirudisha juu penye mwanga. Penye mwanga na rutuba mwani huota, iwe ni vile vimea vidogo mno vinavyoelea na kuyapaka maji rangi, au ni zile nyuzi za kijani zinazoshikana kama nywele kwenye kingo.

Bwawa la bustanini lenye kina cha mita moja lina tabia ya Rukwa. Halina pa kuificha rutuba. Samadi iliyosombwa na mvua, pumba zilizobaki, majani yaliyodondoka na kinyesi cha samaki vyote hubaki humo humo, jua la kiangazi linapenya mpaka chini, na maji yanageuka kijani. Ndivyo inavyokuwa kwa mabwawa ya samaki yaliyochimbwa mabondeni, kwa vidimbwi vya mapambo kwenye bustani za nyumba za wageni na za taasisi, na kwa malambo ya kunyweshea ng'ombe. Mwenye bwawa akiyaona maji yamebadilika, swali lake la kwanza ni aweke dawa gani.

Ninachotaka kusema katika makala hii ni kimoja: mwani hauondoki kwa kuuawa. Huondoka pale rutuba inayoulisha inapozuiwa isiingie bwawani, na ile iliyokwisha kuingia inapotolewa na kurudishwa shambani. Wafipa wana elimu ya miaka mingi ya kazi hiyo ya kurudisha rutuba ardhini, na ingefaa sana ivushwe hatua chache kutoka shambani hadi bwawani.

Kwanza niizungumzie dawa. Anayeuliza mara nyingi hutajiwa mrututu, ule unga wa buluu unaofahamika kwa wakulima wa kahawa. Ni kweli mrututu huua mwani. Lakini shaba iliyomo ndani yake huwadhuru samaki vilevile, hasa kwenye maji laini yenye chokaa kidogo, na kipimo kinachoua mwani kiko karibu mno na kipimo kinachoua samaki. Shaba haiozi, hukaa kwenye matope ya chini mwaka hadi mwaka. Kubwa zaidi ni kwamba mwani wote ukifa kwa siku mbili tatu, huoza wote kwa pamoja, na uozo huo hula oksijeni ya maji. Rutuba iliyokuwa ndani ya mwani nayo hurudi majini ikiwa nzima, tayari kuotesha mwani mwingine. Mwenye bwawa anakuwa amenunua wiki chache za maji meupe kwa gharama ya samaki wake.

Ufipa tuna sababu ya ziada ya kuihofia njia hiyo. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Maji ya nyuzi joto 20 yaliyoko pwani yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni katika kila lita. Maji ya joto hilo hilo Sumbawanga hubeba 7 na kidogo. Baridi yetu hurudisha sehemu ya upungufu huo, kwa kuwa maji ya baridi hushika oksijeni zaidi, lakini miezi ya Septemba na Oktoba joto linapopanda na maji yakipungua, akiba inakuwa ndogo kweli.

Anayetaka kuiona akiba hiyo ikiisha aende bwawani alfajiri mwezi wa Oktoba, jua likiwa bado halijachomoza. Mchana mwani hutengeneza oksijeni, ila usiku nao huivuta kama samaki wanavyoivuta, na ukiwa mwingi kupita kiasi, kukikaribia kucha hakuna kilichobaki. Samaki wanakuwa wamejipanga juu kabisa, midomo ikifunguka na kufumba kwenye ngozi ya maji, ambako oksijeni kidogo inaingia kutoka hewani. Ukiyagusa maji kwa fimbo wanazama kidogo, kisha wanarudi palepale. Kufikia saa nne asubuhi jua limekwisha kufanya kazi yake, samaki wameshuka, na mwenye bwawa anayekuja baada ya chai anaona mambo ni shwari. Halafu siku moja yenye mawingu mazito, mwani unaposhindwa kufanya kazi ya mchana, anawakuta wameelea.

Hata hivyo si haki kuufanya mwani adui. Dagaa na migebuka wanaouzwa soko la Sumbawanga wametokana na mwani wa Tanganyika: mwani huliwa na wadudu wadogo wa majini, wadudu huliwa na dagaa, dagaa huliwa na migebuka. Perege na sato hula mwani moja kwa moja. Ufugaji wa perege kwenye mabwawa ulianza kujaribiwa nchini mwaka 1949, Korogwe na Malya, na hadi leo mfugaji anafundishwa kutia samadi kwa makusudi ili maji yapate kijani chepesi kitakacholisha samaki bila gharama kubwa. Kinachotafutwa ni kiasi.

Kiasi hicho kinapimwa bila chombo cha dukani. Chukua kifuniko cha kopo, kipake rangi nyeupe, kigongomelee kwenye ncha ya fimbo iliyotiwa alama za sentimita, kisha kizamishe mchana jua likiwa juu. Kikipotea machoni kati ya sentimita 25 na 40, bwawa la samaki liko sawa. Kikipotea kabla ya sentimita 20, acha samadi, punguza chakula, anza kutoa maji. Asiye na kifuniko atumie mkono wake: anyooshe mkono majini, na kiganja kikipotea maji yakiwa bado mbali na kiwiko, mwani umezidi. Bwawa la mapambo ni jambo jingine, kwani mwenyewe anataka amwone samaki wake mpaka chini, na huyo hana sababu ya kutia samadi hata chembe.

Rutuba inaingilia wapi? Mkoa wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi mahindi, pamoja na Ruvuma, Iringa na Mbeya, na mahindi yetu yanalimwa kwa mbolea. Mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 una takriban kilo 10 za fosforasi halisi, na kilo moja tu ya fosforasi ikifika majini yaweza kuotesha mamia ya kilo za mwani mbichi. Shamba likiwa juu na bwawa likiwa bondeni, mvua kubwa inayonyesha siku mbili baada ya kupanda hufanya kazi yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mito na maziwa kwa sababu zinazofanana na hizi. Bwawa la bustanini halihitaji mita 60, lakini linahitaji kitu. Ukanda wa nyasi zilizoachwa zikue, au mistari michache ya mabingobingo, upande wa juu wa bwawa, hupunguza kasi ya maji na kunasa udongo kabla haujaingia. Na fosforasi nyingi husafiri imeshikamana na udongo. Mabingobingo yakikatwa na kupewa ng'ombe, rutuba iliyonaswa inakuwa imetolewa na kupata kazi.

Ng'ombe wenyewe wasiingie bwawani. Wanyweshwe maji kwenye birika lililojengwa chini ya tuta. Bata nao, wazuri wa kutazama kwenye bustani, kila mmoja hutia mbolea siku nzima, na bwawa dogo halihimili kundi.

Lipo kosa moja ambalo hali yetu ya hewa inalifanya kuwa baya zaidi kuliko mahali pengine. Miezi ya Juni na Julai joto la usiku Sumbawanga hushuka karibu na nyuzi 10, na maji hupoa. Sato anapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo sana, na yakipoa zaidi huacha karibu kabisa. Mfugaji anaendelea kumwaga kopo lile lile la pumba na mashudu ya alizeti alilokuwa akimwaga Machi. Pumba zinazama, zinalala chini kwenye baridi bila kuoza upesi, na Septemba joto linaporudi zinaoza zote. Maji ya kijani ya Oktoba mara nyingi yalitengenezwa Juni. Dawa yake ni kusimama na kutazama: samaki wasipomaliza chakula ndani ya robo saa, kesho wapewe nusu, na asubuhi za baridi kali wasipewe kitu mpaka jua lipate nguvu.

Sasa ile rutuba iliyokwisha kuingia. Hapa ndipo ninapowageukia wazee wa Ufipa. Wafipa wamelima kwa matuta ya mviringo, ntumba, tangu zamani. Masika yakielekea ukingoni, nyasi zikiwa ndefu na udongo bado laini, mkulima hukusanya nyasi mafungu mafungu, kisha hupindua mabonge ya udongo kwa jembe na kuyapanga juu yake hadi tuta linasimama. Nyasi huozea ndani, pasipo kuchomwa. Msimu unaofuata tuta linavunjwa, udongo wake uliokomaa unasambazwa, na ulezi unapandwa. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu kuhusu historia yake mwaka 1981, aliuhusisha utaratibu huo na makazi ya kudumu ya Wafipa, wakati baadhi ya majirani walihamahama wakifuata miti mipya ya kukata na kuchoma. Watu waliojifunza kutopoteza hata fungu la nyasi hawana sababu ya kuuacha mwani uozee majini.

Nyuzi za kijani ni rahisi kuzitoa. Kata tawi refu lenye vijiti vifupi pembeni, au tumia reki, lizamishe penye nyuzi na ulizungushe polepole. Nyuzi zitajisokota zenyewe na kutoka fungu zima, likidondosha maji. Liache ukingoni saa chache, karibu kabisa na maji, ili viluwiluwi na konokono walionasa watambae kurudi. Jioni lihamishe. Likilala pale mpaka mvua inyeshe, rutuba yote inarudi ilikotoka. Lifukiwe ndani ya tuta pamoja na nyasi, au litandazwe chini ya migomba. Mwani huoza upesi na una naitrojeni nyingi kuliko nyasi kavu.

Mwani unaoelea hauvuliwi kwa reki, lakini maji yenyewe yanatoka. Yale yaliyo karibu na chini ndiyo yenye rutuba zaidi, na bustani ya chainizi au kabeji itayapokea kwa furaha kiangazi chote. Ukitoa sehemu moja ya kumi ya maji kwa wiki kwa kumwagilia, na kuongeza maji safi kadiri yanavyopatikana, unapunguza mwani na kunywesha mboga kwa kazi moja. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mtu anaifanya hata siku ambayo hana habari na mwani.

Kivuli nacho ni silaha. Mwani ukikosa jua hudhoofika, na bwawa la mapambo lililofunikwa nusu hadi theluthi mbili kwa majani yanayoelea hubaki angavu. Yungiyungi linafaa: mizizi yake hula rutuba ya matopeni na majani yake hutandaa juu. Mafunjo na matete ya kingoni hufanya kazi kama hiyo, mradi yakatwe na kutolewa kila mwaka; yakiachwa yakaukie majini yanarudisha yalichokula. Azola huelea na kuzaana haraka, na kuku na samaki huila. Bwawa la samaki wa kula lisifunikwe kiasi hicho, maana samaki wake wanahitaji mwani kiasi.

Kuna mmea mmoja usiletwe kabisa, nao ni gugu maji. Lina ua zuri la zambarau na linanyonya rutuba kweli, na ndiyo maana linashawishi. Lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 lilifunga bandari na mialo, na nchi tatu zikalazimika kuzalisha na kuachia wadudu maalumu wanaolila, jamii ya fukusi kutoka Amerika Kusini, katika miaka ya 1990. Mto unaopita chini ya bustani yako unaishia Rukwa au Tanganyika.

Uingereza wana njia yao ya mabua makavu ya shayiri, iliyoanza kuchunguzwa na watafiti miaka ya 1980. Mabua yakifungwa kwenye wavu bila kubanwa na kuelea juu ya maji, yakipata hewa na mwanga, huoza polepole na kutoa kemikali zinazozuia mwani mpya usiote. Hayaui uliopo. Kipimo kinachotajwa ni takriban gramu 25 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 2 na nusu kwa bwawa la mita 10 kwa 10, na hufanya kazi baada ya wiki moja au mbili maji yakiwa na nyuzi 20 na zaidi, au wiki 6 hadi 8 yakiwa ya baridi. Ufipa tuna mabua ya ngano, ambayo hayajaonyesha nguvu sawa na ya shayiri, na hata ya shayiri matokeo yake hutofautiana bwawa na bwawa. Mwenye kidimbwi cha mapambo anaweza kujaribu. Mwenye samaki wengi asizidishe kipimo, kwa kuwa mabua yanayooza nayo hula oksijeni.

Walaji wa mwani wapo pia. Kwenye maji yaliyotulia huishi viroboto wa maji, wadudu wadogo kama ncha ya pini wanaochuja mwani mchana na usiku. Samaki wadogo wakijaa kupita kiasi huwamaliza wadudu hao, mwani ukabaki bila wa kuupunguza. Perege huzaana mno bwawani, kwa hiyo kambale wachache wakubwa kidogo, waliowekwa baada ya perege kukua wasiweze kumezwa, huvipunguza vifaranga na kuupa mwani walaji wake. Kwenye mawe ya Kipili kuna samaki wanaotumia siku nzima wakikwangua mwani kwa meno yao, wale wa rangi rangi wanaosafirishwa kuuzwa Ulaya na Marekani kwa wafugaji wa samaki wa matangi ya kioo. Lakini ni wa mawe na maji ya joto ya Tanganyika; baridi ya Sumbawanga haiwafai. Tena Tanganyika na Rukwa kila moja lina perege wake wa asili, na samaki wa ziwa moja akibebwa hadi bonde la jingine anaweza kuwaharibu wenyeji kwa kuzaana nao. Afisa uvuvi wa wilaya aulizwe kabla ya kununua vifaranga.

Rangi moja haitaki subira. Maji yakiwa na utando wa kijani-buluu unaofanana na rangi ya mafuta iliyomwagika, wenye harufu nzito ya udongo, huo huenda si mwani wa kawaida. Ni bakteria wanaotengeneza chakula kwa jua, na baadhi yao hutoa sumu inayoharibu ini au mishipa ya fahamu. Mwaka 2020 tembo zaidi ya 300 walikufa kaskazini mwa Botswana, na mwezi Septemba serikali ya nchi hiyo ikatangaza kuwa chanzo ni sumu ya bakteria hao kwenye madimbwi ya kunywea. Lambo likiwa na utando wa namna hiyo, ng'ombe, mbwa na watoto wakae mbali, na maji yake yasimwagiliwe mboga za majani.

Kazi kubwa ya mwaka ifanywe Oktoba, kabla ya mvua. Samaki wavuliwe, maji yaliyobaki yamwagiliwe bustanini, na matope meusi ya chini yakombwe na kubebwa shambani, isipokuwa kwa bwawa lililowahi kutiwa mrututu. Sakafu iachwe ipasuke kwa jua siku kadhaa, kisha itiwe chokaa ya kilimo. Wakati huo huo uchimbwe mfereji wa kinga upande wa juu, unaoweza kuyapeleka maji ya mlimani pembeni ya bwawa. Mvua za kwanza za Novemba hubeba kinyesi na majivu ya kiangazi kizima. Maji hayo yote yapite kwenye mfereji, yaende kwenye migomba. Baada ya mvua tatu nne nzuri, maji ya mfereji yakianza kupita bila povu na bila weusi, mlango wa bwawa unaweza kufunguliwa.